Mti Mama wa Bonde

Bibi alitia kipande cha chungwa mdomoni, na watu wote wakamsubiri aseme.

Kilikuwa kichungu. Ulikuwa uchungu wa danzi, ule unaoshika ulimi mpaka kooni.

Miaka hamsini iliyopita marehemu mumewe ndiye aliyeubebesha mti huu, akaunga kikonyo cha mchungwa mtamu juu ya shina la mdanzi. Michungwa yote ya bonde ilizaliwa hapa. Ugonjwa ulipoimaliza mingine, ulibaki huu peke yake, na leo umezungushiwa uzio wa makumbusho.

"Mlikata wapi, mjukuu wangu?" alimnong'oneza binti msimamizi, yule aliyemwekea mto kitini bila kuombwa.

"Hapa chini, bibi. Matawi yalikuwa yamezeeka, tukayaondoa pamoja na lile kovu baya la shinani. Ona ulivyochipua upya!"

Bibi alipapasa shina. Hapo kwenye kovu ndipo mchungwa ulipoungwa na mdanzi; mumewe alipafunga kwa kitambaa alichochana kwenye gauni la bibi, naye bibi akamgombeza kutwa nzima. Sasa palikuwa laini.

"Vipi, bibi?" mwenyekiti wa kijiji alipaza sauti. "Utamu umekuziba mdomo?"

Watu wakaangua kicheko. Nyuma yao ilipangwa miche mia mbili iliyotokana na machipukizi hayo mapya, kila nyumba ichukue mmoja ikapande.

Binti alikuwa akitabasamu, kucha zake zimejaa udongo wa miche ile. Bibi akamshika mkono, akaubana.

"Nisamehe, mjukuu wangu," alisema. Kisha akawageukia watu.

"Msiichukue."