Chupa Chini ya Mfarishi

Siku hiyo Mavzuna alirejea nyumbani mapema kutoka kazini. Alipopenyeza miguu chini ya mfarishi wa sandali, ile meza fupi yenye makaa chini yake, kidole chake kiligusa chupa yenye joto.

Aliivuta. Ilikuwa antibiotiki ya maji ya mwanawe mwenye nimonia. Daktari aliagiza ikishachanganywa iwekwe penye baridi, kwa kuwa joto huiua nguvu, na kila asubuhi Mavzuna aliiacha kwenye ukingo wa dirisha wenye baridi kali.

"Mama, nani ameileta huku?"

"Nani mwingine?" alijibu mavyaa wake, akimbembeleza mjukuu mapajani. "Kila ukitoka naipasha, ukikaribia kurudi nairudisha. Mtoto anakohoa, nawe unamnywesha barafu! Kwenu mlilelewa porini?"

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mwanzo, binti yangu. Na imemfaa. Tangu adhuhuri hajakohoa hata mara moja."

Chupa ilimponyoka Mavzuna, ikabiringika juu ya zulia. Akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto."

"Mwache, amelala."

"Nipe mtoto, Mama."