Kikopo Chini ya Mapeasi

"Na haya je, ni mavuno ya nani?" mnadi akauliza, akiinua kikopo cheupe cha vidonge alichokiibua chini ya kapu la mapeasi. Watu waliokuja kununua sadaka za mavuno mnadani, nje ya kanisa, pale Shume, wakaangua kicheko.

Uso ulimwaka Naemi. Vidonge vile alipewa na daktari wa Dar, mayai yake yapate nguvu kabla ya kupandikizwa mimba. Nyumbani aliyejua ni mumewe tu. Asubuhi, aliposikia mama mkwe anaingia, alikitumbukiza kikopo kapuni, asijue ndilo kapu la sadaka.

"Mwenyewe hayupo?"

Naemi akainama, akaifunga upya kanga ambayo haikuwa imelegea.

"Ni vyangu," mama mkwe akasema. "Vya presha. Lete hapa."

Akakifungua kikopo mbele ya usharika mzima, akatia kidonge mdomoni, akakimeza bila maji. Shingo yake nyembamba ikahangaika nacho mpaka machozi yakamlenga.

Naemi aliendelea kuifunga kanga. Hata maji hakumletea.

Mama mkwe alipompita, alimtilia kikopo mkobani.

"Mwanangu," akanong'ona, "vilivyobaki vitakufikisha siku ya kwenda Dar?"