Darasa la Mchana

Kipande cha chaki kilipita karibu na sikio la mwalimu, kikavuka benchi mbili na kutua ndani ya kikombe cha chai cha mratibu wa shirika. Mratibu alikitazama kikombe, akamtazama mwalimu, kisha akakiweka chini taratibu.

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku zote hizo, na chaki ikachagua kuruka leo, siku ambayo shirika limekuja kukagua.

"Nani karusha?"

Wa upande wa mlimani waliwanyooshea vidole wa bondeni, na wa bondeni wakawanyooshea wa mlimani. Pengo, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameshaaga, alijiziba mdomo ili asicheke, na vidole vyenyewe vilikuwa vyeupe pee. Upande wa pili, Kifimbo, asiyeachana na fimbo yake hata umbembeleze vipi, alikuwa ameshaiinua juu tayari kwa lolote.

Darasa la asubuhi halikuwa na shida. Wa mlimani na wa bondeni walibanana benchi moja na kuazimana kalamu. Kilichomtoa mwalimu jasho ni hili la mchana.

Si kwamba hakujitahidi. Vita vya mwaka jana viliunguza nyumba pande zote mbili, na shirika lilitoa hema kwa sharti moja: masomo yawatulize watu, yasiwachochee. Kwa hiyo kila jambo lilipimwa kwanza. Hema lilipofika lilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ukaelekea mlimani. Wa bondeni wakasusa. Mwalimu akachukua mkasi, akakata mlango wa pili. Ukazuka ugomvi kuhusu mlango upi ni wa mbele. Akazipanga benchi duara na kuusimamisha ubao katikati, ili pasiwe na mbele wala nyuma, na tangu hapo anafundisha huku akizunguka kama mtu aliyeangusha funguo. Vyeo na majina ya ukoo alivipiga marufuku. Ukishaingia hemani wewe ni mwanafunzi, una jina la utani ulilopewa na wenzako, basi.

Hata herufi zilikuwa na mambo yake. Akiandika M, wa mlimani wanapiga makofi. Akiandika B, zamu ya wa bondeni. Alikuwa na mazoea ya kuziandika zote mbili kwa pamoja, moja kwa kila mkono. Leo, kwa kiherehere cha kukaguliwa, mkono mmoja ulitangulia. Ndipo chaki ikaruka.

Mratibu alimwita nje. Hakuwa mtu mbaya, na alisema kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, juhudi zako naziona. Lakini hema likigombanisha watu, tunaling'oa. Kesho nikikuta hivi, sitakuwa na la kufanya."

"Na darasa la asubuhi?"

"Hema ni moja."

Moyo wa mwalimu ulishuka mpaka kwenye viatu. Aliwaza zile nyuso za asubuhi, zinazofika kabla hajafungua kamba za mlango, na machozi yakamlenga. Halafu machozi yakageuka hasira, na hasira ikageuka kicheko, maana wazo lililomjia lilikuwa la kihuni kidogo. Akarudi ndani, akasimama kando ya ubao.

"Kesho kila mmoja aje na mtu wa kwao."

Pengo ndiye aliyejibu kwanza, na kicheko chote kilikuwa kimemwisha.

"Mwalimu, nifagilishe hema. Nichotishe maji. Lakini nyumbani usiwaambie."

Kifimbo akadakia kwamba huyo ana nafuu, wa kwao yeye ndiye mkali hasa, ataambiwa maneno mwezi mzima. Pengo akabisha kwamba mkali ni wa kwake, anaweza kumnunia hata wakati wa kula. Wakashindana hivyo, yupi mkali zaidi, mpaka katikati ya mashindano wakajikuta wanapeana pole. Mwalimu aliwaacha wakitoka, vichwa vimeinamiana, wakinong'ona namna ya kujiokoa.

Kesho yake mratibu alikuja bila chai.

Hakuamini macho yake. Pengo na Kifimbo waliingia kwa mlango mmoja, wakakaa benchi moja, wakachangia chaki moja kama ndugu waliozaliwa pamoja. Wengine wote wakafuata mfano, kila mmoja akishindana kuwa mpole kuliko jirani. Mwalimu akajipa moyo, akaandika B peke yake. Wa mlimani wakapiga makofi. Akaandika M, na wa bondeni wakapiga mpaka turubai likatikisika. Mwalimu alijizuia kwa shida asicheze pale pale mbele ya mgeni.

"Hema linabaki," alisema mratibu, naye akajikuta anapiga makofi.

Pengo akainua mkono kwa adabu zote. Kwa kuwa mambo yamekwenda vizuri, aliuliza, si ingekuwa busara kutowasumbua watu wa nyumbani?

"Wameshafika," alijibu mwalimu.

Walikuwa wamesimama mlangoni, wa Pengo na wa Kifimbo, wameshikana mikono, mabegi ya darasa la asubuhi mgongoni.

"Shikamoo mwalimu," alisema yule mrefu kidogo, ambaye hata kiunoni kwa mwalimu alikuwa hajafika. "Babu zetu wamefanya nini tena?"