Pikapu Iliyokuwa na Mwenyeji

Asubuhi hiyo tukufu, Mwanahawa alisimama mbele ya pikapu isiyo na rangi ya kueleweka. Alikuwa ameuza cherehani yake ili ainunue na kuifufua, na sasa ilibidi aamue. Kwenye kiti cha dereva kulikuwa na kuku anayeatamia.

"Huyo hahamishwi mpaka aangue," alionya Mzee Ndaro, mwenye gari. "Kagua bila kumsumbua."

"Shemeji, unauziwa banda," alisema Shomvi, mdogo wa mumewe. "Injini hiyo imeganda. Utakosa gari, na cherehani huna."

Hofu hiyo ya injini ndiyo iliyokuwa ikimnyima Mwanahawa usingizi. Alifunua boneti, akajifunga kanga kiunoni, akashika feni kwa mikono miwili na kuvuta. Haikusogea. Shomvi alikohoa kwa heshima, kama mtu aliyefika msibani.

Mwanahawa akavuta tena. Feni ilizunguka taratibu, mkanda ukazunguka nayo, injini ikaguna, na huko nyuma bomba la moshi likapiga chafya ya vumbi jekundu kwenye suruali nyeupe ya Shomvi.

"Nachukua," alisema Mwanahawa. "Na mwenyeji wake abaki alipo. Shemeji, sukuma."

Pikapu ikatoka uani. Mwanahawa alitembea kando yake, mkono mmoja dirishani ameshika usukani, kichwa juu kama anayekagua gwaride. Kwenye njia panda askari alisimamisha malori yote, na wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele kabla hata ya kuuliza kuna nini.