Rimu ya Moto

Nilimdaka mkono mjukuu wangu Kidoti, waya wa kusugulia masufuria ukiwa umebakiza unywele tu kugusa rimu ya gurudumu la gari la mbio.

"Bibi, niache! Hili vumbi la breki limeganda kama masizi, na bosi kasema nikishindwa gari hili narudi kufagia uwanja."

Mimi nilikuja kumletea chai tu hapo anapofanya kazi ya kuosha magari. Nikagusa rimu, vidole vikaruka vyenyewe.

"Mama wee, ina moto! Umeimwagia sabuni ikakaukia juu, ndiyo maana doa linakucheka. Kaa chini tunywe chai."

"Chai, Bibi? Saa hizi?"

Tukanywa. Bosi akapita, akatutolea macho, akapita tena.

Rimu ilipopoa, nikamwambia ailoweshe kwa maji ya sabuni, aiache kidogo, kisha apitishe mswaki laini bila kukamia. Maji yakachuruzika ya kahawia, mazito kama uji ulioungua. Chini yake rimu ikachomoza inang'aa, haina hata mkwaruzo.

Bosi akachuchumaa. Akajitazama kwenye rimu, akaweka sawa kola ya shati, akajitazama tena. Kisha akamrushia Kidoti funguo za gari lililofuata.