Jina la Uchumba

"Katili," mzee alisema mkewe alipoingia wodini, na kijiko kikamponyoka muuguzi.

Tangu kiharusi kimwangushe, mzee yule aliyehariri kamusi maisha yake yote hakuwa ametamka kitu. Leo ulimi umefunguka, na hilo ndilo lililotoka.

Mkewe hakukasirika. Alivuta kiti, akacheka kidogo.

"Usishtuke, mwanangu. Hilo ndilo jina langu la uchumba. Neno lilitujia kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni muuaji. Lakini watunzi wa mashairi wakalitia asali. Katili akawa mpenzi anayekuua kwa jicho moja. Huyu alinifundisha hayo kabla hajanioa."

Muuguzi alikuwa mtu wa chumba kimoja, kikombe kimoja, na redio ya kumwondolea ukimya. Simulizi ile ilimkaa moyoni. Kila mara mkewe alipofika na mzee akasema "katili", aliwafungia pazia, akaenda kusimama koridoni, akijiuliza kama yeye yupo wa kumkumbuka kwa neno lolote. Mzee alipomkamata aproni kwa ule mkono mzima, asitake kuachia, muuguzi alimbembeleza, "Anakuja, mzee wangu. Vuta subira."

Hata daktari alipouliza kama mgonjwa ana wa kumtunza nyumbani, ni muuguzi aliyewahi kujibu.

"Anaye, daktari. Laiti na sisi tungekuwa na wa namna hiyo."

Asubuhi ya kuruhusiwa, mzee alilia. Muuguzi alimfuta mashavu, akamwambia furaha nayo ina machozi yake. Akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akawatakia safari njema, kisha akapita nyuma ya pazia kutandua kitanda cha jirani. Kesho wodi ingekuwa kama chumba chake.

"Katili," mzee alisema upande wa pili, kwa sauti ya kukwaruza.

"Sema, mume wangu, sema usichoke." Mkewe alikuwa akimfunga vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, na sauti yake ilikuwa ya chini, laini kabisa. "Umebakiwa na neno moja tu, na hilo nalo nimeshakunyang'anya."