Rambirambi ya Ofisini

Mama yake Tunu alipofariki, wenzake kazini walimchangia rambirambi kwa utaratibu wa kampuni: kila mmoja aliweka kidole kwenye mashine akachukua fungu la huzuni yake, ili mtu mmoja asielemewe na kazi zikalala.

Msibani kwao Pangani, dada zake walilia hadi sauti zikawakauka. Tunu alikaa mkekani macho makavu, akiwaza kama wali utatosha.

"We Tunu, huyu si mama yako?" dada yake mkubwa akamuuliza.

Akatoka uani, akampigia simu Mwanaidi wa mapokezi. Mwanaidi alipokea huku akilia kwa kwikwi.

"Pole sana, shoga," Tunu akamwambia. "Hebu nisimulie. Kufiwa na mama kunaumaje?"